Mama alikuwa anachomwa 5, sasa kaandikiwa anywe 15. Wamekosea au mdomoni dawa inapungua?

mtoto_wa_chanika

Wakuu habari za usiku. Naomba kueleweshwa kitu maana hapa nyumbani kimeshatuletea ugomvi. Mama yetu ana kansa ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Tumekaa wodini wiki mbili na siku zote hizo maumivu yalikuwa yanatulizwa na sindano ya mofini, miligramu 5 kila baada ya masaa manne. Ijumaa karuhusiwa, tukapewa chupa ya mofini ya maji, kwenye lebo imeandikwa miligramu 5 kwa kila mililita 5, na maelekezo ni anywe mililita 15 kila masaa manne. Yaani miligramu 15.

Kaka yangu mkubwa ndo msimamizi wa kila kitu hapa, akaishika ile chupa akapiga hesabu palepale kwenye bajaji, akasema hawa wamekosea, mtu alikuwa anapata 5 leo anywe 15, mara tatu nzima, mnataka kumuua mama. Nikapiga simu wodini haipokelewi. Basi kaka akaamua tumpe mililita 5 "kwanza tumwone".

Wakuu ule usiku. Mama alikuwa anang'ata pindo la kanga ili wajukuu chumba cha pili wasimsikie. Kufika saa tisa nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi maana nilikuwa siwezi kuangalia tena. Asubuhi nikapiga tena, nesi akapokea, akasema "dozi iko sawa, ya kunywa lazima iwe kubwa kuliko ya sindano", nikasikia anaitwa huko akakata. Kaka hajaridhika, anasema mofini ni mofini, kama ni ileile kwanini ikipita mdomoni iwe dhaifu, au wametupa iliyochakachuliwa.

Swali langu ni hilo tu. Kama anakunywa 15 na zinazofanya kazi ni kama 5, hizo 10 zinaenda wapi?

fundi_saa

Zinaenda chooni mkuu 😀 samahani, pole kwa mama. Ila mi nijuavyo asidi ya tumboni ndo inaunguza dawa, ndo maana ya kunywa inakuwa nyingi. Hata insulini huwezi kunywa kwa sababu hiyohiyo, lazima uchome.

mwanachuo_mwaka2

Hapana mkuu, hiyo ya insulini ni kweli inameng'enywa kama nyama nyingine yoyote kwa sababu ni protini, ila mofini haiunguzwi na asidi. Hii tumeisoma muhula uliopita inaitwa fasti pasi, ini ndo linaikata. Formula ni kiasi kinachofyonzwa mara kiasi kinachopona kwenye ukuta wa utumbo mara kiasi kinachopona kwenye ini. Ila kusema ukweli niliikariri kwa ajili ya mtihani, mwenye uelewa aje aieleze kiswahili.

dawa_na_dozi

Pole sana mdogo wangu, na mpe mama pole. Mimi ni mfamasia, miaka kadhaa nimekuwa nikitoa hiyo mofini ya maji kwa wagonjwa wanaorudi nyumbani, na hilo swali la kaka yako naulizwa karibu kila wiki dirishani. Sijaona faili la mama kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni waliomwandikia, lakini kwa hizo namba ulizoleta, 5 ya sindano kuwa 15 ya kunywa, hiyo ni hesabu ya kawaida kabisa. Moja kwa tatu. Hawajakosea na dawa haijachakachuliwa.

Sasa zile 10 zinaenda wapi. Fikiria barabara ya kutoka bandarini Dar kwenda mikoani. Lori likishapakia mzigo likashika barabara ya Morogoro lazima likutane na mzani wa Vigwaza, halina namna. Utumbo wetu uko hivyo. Viungo vingine karibu vyote, mkono, mguu, ubongo, damu yake ikishatumika inarudi moja kwa moja kwenye moyo. Damu ya utumbo hapana. Karibu yote inakusanywa kwenye mshipa mmoja mnene unaoitwa potali, na mshipa huo hauendi kwenye moyo, unaingia kwenye ini kwanza. Kazi ya ini pale ni kukagua kila ulichokula kabla hakijasambazwa mwili mzima, na ini halijui kwamba hiki ni kidonge alichoandika daktari na hiki ni sumu ya uyoga, linaviona vyote ni vigeni, linavishughulikia.

Mofini ikifika pale ini linaibandika kipande cha sukari fulani ili iyeyuke vizuri kwenye maji na itolewe na figo kwa mkojo. Ikishabandikwa sio mofini tena. Kwa wastani ukimeza 100, inayovuka ini ikiwa bado mofini kamili ni kama 30, kuna watu 20, kuna watu 40. Ndo maana mama akinywa 15 zinazotokea upande wa pili ni kama 5. Wakati sindano, ukichoma chini ya ngozi au kwenye mshipa, dawa inakwenda kwenye moyo na kusambaa bila kupita kwanza Vigwaza. Ini litaipata baadaye, maana damu inazunguka, lakini itakuwa imeshafika kwenye ubongo na uti wa mgongo ikafanya kazi yake. Hiyo mara ya kwanza kabla ya kusambaa ndo wanaiita fasti pasi.

Kwa hiyo mlivyompa mililita 5 ile usiku, mama alipata kama miligramu moja na nusu tu, badala ya zile 5 za sindano alizozoea. Sisemi kukulaumu, ukiangalia chupa kwa macho ya kawaida kaka yako hakuwa mjinga, hesabu yake ilikosa ini tu.

Leo hii rudini kwenye dozi iliyoandikwa, kwa saa, msisubiri mpaka alie ndo mumpe. Na nikuulize mawili: mkojo wake ukoje, na mmepewa dawa ya kulainisha choo?

mtoto_wa_chanika

Dada asante sana, nimesoma mara mbili. Mkojo anapata kawaida. Dawa ya choo tumepewa ila kaka aliiweka pembeni akasema haharishi wala hajafunga choo ya nini.

dawa_na_dozi

Haya mwambie kaka aitoe huko pembeni. Mofini inafunga choo karibu kwa kila mtu na mwili hauzoei hilo kama unavyozoea usingizi na kichefuchefu, ndo maana inaandikwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Mkojo nimeuliza kwa sababu ya kitu ambacho watu wengi hawakijui. Ile mofini iliyobandikwa sukari na ini haifi yote. Kuna aina mbili kubwa zinazotengenezwa pale, moja haitulizi maumivu, lakini ya pili inatuliza, tena kwa nguvu, na inatolewa na figo. Kansa ya shingo ya kizazi ikibana mirija ya mkojo figo zinaweza kuchoka, na hapo hicho kitu kinajikusanya mwilini hata kama dozi hamjaibadilisha. Mkiona mkojo umepungua sana, halafu mama anasinzia kupita kawaida, mnamwamsha haamki vizuri, anapumua polepole mno au anastuka stuka mikono, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali hapohapo hata kama ni usiku. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo baada ya kukosa usingizi wiki nzima ni jambo jingine, huyo ukimwita anaitika.

fundi_saa

Sawa nimeelimika kuhusu asidi. Ila sasa si ujinga huu, kama ini linakula theluthi mbili kwanini wasimchome tu sindano ziishe? Mnapoteza dawa bure.

dawa_na_dozi

Mkuu nani atamchoma mama yake Chanika saa tisa usiku, kila masaa manne, kwa miezi? Mofini ya maji inatengenezwa kutoka kwenye unga, ni bei rahisi mno, hata ukitupa theluthi mbili kwenye ini bado ni rahisi kuliko sindano. Uganda ndo walituonyesha njia, Hospice Africa Uganda ilianza 1993 chini ya daktari Anne Merriman na wao walijenga kila kitu juu ya hiyo chupa ya maji ya kunywa, mgonjwa anatulizwa nyumbani kwake kijijini. Hapa kwetu hospitali ya kansa ya Ocean Road nao wanatengeneza ya maji. Ini lichukue chake tu, sisi tunaongeza kwenye kijiko.

Na usifikiri ni mofini peke yake. Propranololi, kidonge cha presha na mapigo ya moyo, kwenye mshipa unaanza na miligramu 1 unasukuma polepole huku unaangalia mashine, kidonge chake ni 40. Arobaini! Na hakuna anayeshtuka kwa sababu kidonge kimetengenezwa hivyohivyo kiwandani, hesabu ya ini imeshafanywa kabla hujakinunua. Mshtuko unakuja pale tu mtu anapohama kutoka sindano kwenda mdomo, au kurudi. Na hatari kubwa ni ya kurudi: mtu anayekunywa 15 ukimchoma 15 umempa mara tatu.

mwanachuo_mwaka2

Hapo nimeelewa zaidi kuliko darasani kwa kweli. Na salbutamoli je, ile ya pumu? Ya kupuliza kila puliza ni maikrogramu 100 na kidonge ni miligramu 4. Ukivuta mara mbili ni 200, kwa hiyo kidonge ni mara 20. Na hiyo yote ni ini?

dawa_na_dozi

Hapana, hapo usiibebeshe ini kila kitu. Kwenye pumu ukipuliza unaweka dawa palepale kwenye njia ya hewa inapotakiwa, hutaki ifike kwenye vidole. Ukimeza unalazimika kuujaza mwili mzima ndo kidogo kifike kwenye mapafu, ndo maana wanaomeza mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Fasti pasi ipo, na sehemu yake kubwa inafanyika kwenye ukuta wa utumbo hata kabla ya ini, lakini sio sababu pekee.

Mfano safi wa kukwepa ini ni ile tembe ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, nitrogliserini, ndiyo hiyohiyo ya kwenye dainamaiti. Ukiimeza kama panadol ini linaimaliza karibu yote, kifua kitaendelea kubana. Ukiiweka chini ya ulimi, mishipa ya pale haiendi kwenye ini, inashuka shingoni moja kwa moja kwenye moyo, dakika mbili tatu mtu anapata nafuu. Hiyo ndo njia ya panya yenyewe, lori limekwepa mzani.

Ila nisije nikasikia mtu anaweka kila dawa chini ya ulimi. Vidonge vingi havifyonzwi pale, utakaa na uchungu mdomoni tu halafu utameza mate yake na itapita Vigwaza vilevile.

bi_mkunazini

Jamani mie naomba kuuliza, mwanangu alipopata degedege la homa mwaka juzi walimtia dawa ya kutuliza kwa njia ya haja kubwa, na mwenzangu mmoja wa bara kijijini kwao mtoto wake alitiwa dawa ya malaria vivyo hivyo kabla ya kupelekwa hospitali. Nayo ni hii hii ya kulikwepa ini?

dawa_na_dozi

Nusu nusu bi mkubwa. Mishipa ya chini kabisa ya njia ile inarudi kwenye moyo bila kupitia ini, ya juu inaingia potali kama ya utumbo mwingine. Kwa hiyo ikikaa chini inakwepa, ikipanda juu haikwepi, huwezi kuipangia. Lakini kwa watoto wale sababu kubwa siyo ini, sababu ni kwamba mtoto anayerusha mikono na miguu au anayetapika kila kitu hamezi. Diazepamu ya degedege hata ukiimeza ini halipunguzi kitu cha maana, inafika karibu yote, wanaiweka huko ili ifike haraka. Na artesuneti ya malaria kali, ile ya watoto chini ya miaka 6, ni ya kumvusha mpaka afike penye sindano. Kuna wazazi wanaona mtoto kachangamka njiani wanageuza pikipiki wanarudi nyumbani. Hapana, ile dozi moja haimalizi malaria.

nyanda_wa_ziwa

Nimeona uzi huu nikasema nichangie kutoka huku Kanda ya Ziwa, mimi ni tabibu. Dada mfamasia ameeleza ini zima. Mimi nieleze ini bovu maana huku ndo tunaloliona.

Kichocho cha tumbo kikikaa na mtu miaka mingi, hasa wavuvi na watu wa visiwani, mayai ya minyoo yanakwama kwenye vijitawi vya huo huo mshipa wa potali ndani ya ini, panaota makovu. Damu ya utumbo inakuja inakuta njia imebanwa. Haiwezi kusimama kwa hiyo inatafuta njia za pembeni, mishipa ya koo la chakula inavimba, ndo unaona mtu wa miaka thelathini anakuja anatapika damu beseni zima. Sasa tumia ule mfano wa mzani: barabara imefungwa, malori yote yamekatiza mashambani. Dawa iliyotakiwa ikatwe na ini inapita pembeni haijakatwa.

Na kichekesho ni kwamba dawa tunayompa mtu huyo ili kushusha presha ya hiyo mishipa isipasuke tena ni propranololi, hiyohiyo iliyotajwa hapo juu ambayo kidonge chake kimepimwa kwa kudhani ini litakula robo tatu. Kwa huyu halili robo tatu. Ukimwanzishia kama unavyomwanzishia mtu wa presha wa kawaida utakuta mapigo yameshuka 45 na mtu anaona giza akisimama. Mimi mwanzoni kabisa mwa kazi yangu nilifanya hivyo. Nilimpa mzee mmoja dozi ya kitabuni, kesho yake mkewe akaja ananiambia "daktari mzee hajainuka kwenye mkeka tangu alfajiri". Alipona, tukaisimamisha tukaanza upya na kidogo sana, ila tangu siku hiyo nikiona bandama limevimba mpaka kitovuni kalamu yangu inaanza chini kabisa, kisha napanda kwa mapigo ya moyo.

Halafu dawa ya kichocho yenyewe, prazikwanteli. Hii nayo inafyonzwa vizuri tu kutoka tumboni, kama asilimia 80, lakini ini linaikata vibaya sana, na kilichobaki kwenye damu kinapungua nusu kila baada ya saa moja na kitu hivi. Ndo maana unaona watoto shuleni wanapimwa urefu kwa ule ubao wanapewa vidonge vikubwa vitatu vinne, miligramu 40 kwa kila kilo. Na ndo maana tunasisitiza mtoto awe amekula, akila dawa inafika nyingi zaidi kwenye damu. Watu wanadhani uji wa shule siku hiyo ni wa kuzuia kichefuchefu. Unazuia ndiyo, lakini pia unaisaidia dawa kuvuka.

mwanachuo_mwaka2

Mkuu na kama mtu yuko kwenye dawa za TB?

nyanda_wa_ziwa

Umegusa penyewe. Rifampisini, ile inayofanya mkojo kuwa mwekundu kama mirinda, inaliambia ini na ukuta wa utumbo viongeze wafanyakazi. Vimeng'enya vinavyokata dawa vinaongezeka, wiki moja mbili hivi vinakuwa vimejaa. Prazikwanteli ukimpa mtu huyo ni kama umempa maji, haitakiwi kuchanganywa kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, tumeona mimba. Mtu wa dolutegraviri, dawa ya VVU, tunamwongezea kidonge cha pili baada ya masaa 12. Na akimaliza TB wale wafanyakazi hawaondoki siku hiyohiyo, wanakaa kama wiki mbili.

dawa_na_dozi

Na mofini ya kunywa pia rifampisini inaipunguza, nimekumbuka sasa. @mtoto_wa_chanika mama hayuko kwenye dawa za TB?

mtoto_wa_chanika

Hapana dada, hana TB. Ana ya presha tu, amlodipini, na anapenda sana balungi, hapa tuna mti. Kuna mtu kasema balungi mbaya na dawa.

dawa_na_dozi

Hiyo sio uzushi, ina hadithi yake nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule London ya Canada, sio ya Uingereza, timu ya mtafiti anayeitwa David Bailey walikuwa wanapima kama pombe inagombana na dawa ya presha inaitwa felodipini. Walihitaji kitu cha kuficha ladha ya pombe ili washiriki wasijue wamepewa ipi, wakachagua juisi ya balungi. Dawa ikaonekana kwenye damu nyingi kuliko ilivyotegemewa, hata kwa waliokunywa juisi bila pombe. Mwaka 1991 wakachapisha kwamba ukiimeza felodipini na balungi inayofika kwenye damu ni karibu mara tatu ya ukiimeza na maji.

Utamu wa jambo hili ni kwamba balungi haliligusi sana ini. Lina vitu vinavyoua kimeng'enya kinachoikata felodipini kwenye ukuta wa utumbo, mpaka utumbo utengeneze kingine, glasi moja ya leo bado inafanya kazi kesho. Hapo ndo watu walielewa vizuri kwamba kabla ya Vigwaza kuna geti jingine pale pale bandarini. Danzi nalo lina vitu hivyo, chungwa la kawaida hapana.

Kwa mama: mofini haikatwi na kimeng'enya hicho, inatumia njia nyingine, balungi halitaibadilisha. Amlodipini ni ndugu wa felodipini lakini yenyewe haikatwi sana mara ya kwanza, inavuka zaidi ya nusu, kwa hiyo balungi halifanyi fujo kubwa hapo. Kama ndo kitu pekee anachokitamani sasa hivi mimi nisingemnyima vipande viwili vitatu, ila mtaje kwa daktari mkirudi kliniki. Wa kuogopa kweli ni wale wa dawa ya kushusha mafuta, simvastatini.

fundi_saa

Kwa hiyo ini ni adui wa dawa tu basi.

bi_mkunazini

Si hivyo fundi. Huku kwetu Unguja dawa ya malaria kwa miaka mingi imekuwa mseto wa artesuneti na amodiakwini, na mume wangu alikuwa mtu wa maabara, alinambia hiyo amodiakwini ukiimeza ini laibadilisha karibu yote mara ile ile ipitapo, na kile inachokuwa baada ya kubadilishwa ndicho kinachokaa mwilini siku nyingi kikapigana na vimelea. Au nakosea dada mfamasia?

dawa_na_dozi

Hujakosea hata chembe bi mkubwa, mumeo alijua kazi. Pale ini ndo mpishi. Enalaprili ya presha nayo hivyohivyo, unameza kitu ambacho bado hakifanyi kazi, ini linakifungua.

mtoto_wa_chanika

Wakuu nimerudi. Jana mchana nilimsomea kaka majibu yote kwa sauti pale uani. Nilipofika kwenye yale ya "hesabu yake ilikosa ini tu" alinyamaza muda, akaingia ndani, nikasikia anachemsha maji. Akapima mwenyewe. Tulikuwa tunatumia kijiko cha chai cha jikoni, akagundua vijiko vyetu vitatu havilingani hata kimoja, akaenda duka la dawa akanunua bomba la mililita 10 lisilo na sindano. Saa kumi alasiri akampa mama 15 kamili.

Saa moja hivi mama akaomba aegemezwe ukutani. Saa mbili akaniuliza nani kafunga mbuzi karibu na dirisha maana wananuka. Wiki ya tatu hii hajaulizia kitu chochote cha nje ya maumivu yake. Usiku kalala, kaka kaweka kengele kwenye simu ya saa sita na ya saa kumi, na masaa kaandika kwa chaki nyuma ya mlango, kila akimpa anapiga alama.

Maswali mawili ya mwisho, moja ni la kaka. Kuchanganya na uji kunaharibu? Na chupa lazima ikae kwenye friji, sisi hatuna.

dawa_na_dozi

Nimefurahi sana, hasa huyo mbuzi.

Uji hauharibu, ila usiimwage kwenye bakuli zima halafu akashindwa kumaliza, hapo hamtajua kanywa ngapi. Mpeni dawa kwa bomba kwanza, polepole pembeni mwa shavu, uji ufuate. Akitapika baada ya dozi msimrudishie kwa kukisia, pigeni simu mlikopewa.

Friji sio lazima, soma lebo ila kwa kawaida inatosha mahali pa baridi kidogo, pasipo jua, kabatini lenye kufungwa. Lifungwe kweli, kuna wajukuu. Tarehe mliyoifungua chupa kaka aiandike hapohapo mlangoni.

mtoto_wa_chanika

Kashaiandika. Anauliza kama mnaweza kumtafutia kitabu cha mambo haya cha kiswahili 😅

mwanachuo_mwaka2

Mwambie akikipata anikopeshe.